Maili Mia Tano za Mwanzo: Historia ya Kuizoeza Injini Mpya

Katika Uingereza ya baina ya vita vikuu viwili vya dunia, na kwa miaka mingi hata baada ya vita vya pili kwisha, msafiri wa barabara kuu aghalabu aliyakuta magari mapya yakienda taratibu upande wa kushoto wa njia, na nyuma yake, katika kioo, pamebandikwa karatasi yenye maneno machache ya adabu ya kumweleza ajaye kwamba injini ya gari hili ni mpya, ingali katika kuzoezwa, na kwa hiyo mwenye haraka na apite salama. Hapakuwa na aibu yoyote katika kuibandika karatasi ile. Kinyume chake, mwenye gari aliibandika kwa fahari, kwa kuwa ilimshuhudia mambo mawili kwa pamoja: kwamba amejaliwa kununua gari jipya, na kwamba yeye ni mtu mwenye hadhari, ajuaye kuwa chombo alichokabidhiwa na kiwanda bado hakijatimia, na kuwa sehemu iliyobaki ya kukitimiza imewekwa mikononi mwake.

Jambo hili la mwisho ndilo lililonivuta kuiandika habari hii, maana naona kwamba historia ya kuizoeza injini mpya si historia ya mwendo wa polepole tu, bali ni historia ya mpaka uliopo baina ya kazi ya fundi na kazi ya mwenye chombo, mpaka ambao tangu zama za mvuke umekuwa ukisogezwa huku na huku, mara fundi akimwachia dereva mengi ya kumalizia, mara akiyarudisha karakanani mwake. Nasi watu wa Afrika ya Mashariki, ambao tumezoea kusoma habari za mitambo kana kwamba ni mambo ya kwao wengine, tunayo sehemu yetu katika historia hiyo, tena sehemu ambayo haijakoma hata leo.

Asili ya jambo ni ya kale kuliko motokaa yenyewe. James Watt alipokuwa akihangaika na mashine yake ya mvuke, taabu iliyomtesa kupita zote ilikuwa taabu ya silinda, kwa sababu wahunzi wa wakati ule hawakuweza kuichonga kwa mviringo ulio sawa, mvuke ukawa unapenya pembeni mwa pistoni na nguvu kupotea bure. Ahueni ilikuja mwaka 1775, pale John Wilkinson alipounda mashine ya kukerezea silinda yenye mhimili ulioshikwa ncha zote mbili, hata Matthew Boulton, mshirika wa Watt, akaweza kusifu kwamba silinda yenye kipenyo cha inchi 50 haikukosea kwa zaidi ya unene wa shilingi kuukuu. Kwa kipimo cha leo kosa hilo ni kubwa mno, maana fundi wa sasa akikosea kwa unene wa unywele mmoja tu katika silinda ya gari dogo, kazi yake yote haifai. Lakini kwa zama zile yalikuwa maajabu, na nafasi iliyosalia kati ya pistoni na silinda ilizibwa kwa katani iliyosokotwa na kulowekwa shahamu, ambayo kila ilipolegea ilibidi ibanwe tena.

Mwaka 1852 John Ramsbottom, mhandisi wa reli huko Manchester, alipata hataza ya pistoni iliyovikwa pete za chuma, kila pete imekatwa mahali pamoja ili ipate unyumbufu wa kujisukuma nje na kuigusa silinda pande zote. Na ringi zilizomo katika injini za leo, ziwe za pikipiki au za lori, zinafuata fikira ileile. Kwa ringi hizo tatizo la kuvuja lilipungua sana, ila hapo hapo likazaliwa jambo jipya: katani na shahamu zilijinyumbua zenyewe zikafuata umbo la silinda, ilhali chuma hakijinyumbui upesi, na pete mpya ya chuma ikikutanishwa na ukuta mpya wa chuma haigusani nao ila katika sehemu chache zilizoinuka. Kuzifanya zigusane kote hakuwezekani kwa tupa ya mtu yeyote. Ni mashine yenyewe, kwa kwenda na kurudi mara elfu nyingi, iwezayo kuikamilisha kazi hiyo. Ndiyo maana kichwa kipya cha garimoshi, kabla ya kufungiwa treni nzito, kilipewa kwanza siku za kuvuta treni nyepesi, na watu wa reli wakaona ni jambo la kawaida lisilohitaji hoja.

Motokaa zilipozaliwa katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, zilirithi tabia hiyo pamoja na nyingine ngumu zaidi, yaani tabia ya beringi. Kranki ya injini ya kale ililazwa katika beringi zilizomiminwa kwa madini laini ya bati, antimoni na shaba, ambayo asili yake ni mchanganyiko wa Isaac Babbitt wa Marekani, aliyeupatia hataza mwaka 1839. Na baada ya kumimina, fundi aliipaka kranki rangi ya buluu, akailaza mahali pake, akaizungusha, akaiinua tena, kisha akayakwangua kwa mkono yale mahali yaliyoshika rangi, maana ndiyo yaliyoinuka, akarudia hivyo mpaka rangi ikaenea sawa katika beringi nzima. Ilikuwa kazi ya jicho na kiganja, isiyoharakishwa, na kila injini ikawa na umbo lake peke yake, hata kipande cha hii kisikae katika ile. Fundi hodari kabisa, hata akakwangua kutwa, alibakiza matuta madogo yasiyoonekana kwa macho, na matuta hayo hayakuwa na wa kuyaondoa isipokuwa mwendo wenyewe.

Yapo matukio mawili yaliyoanza kuubadilisha mpango huo. La kwanza ni la mwaka 1908, pale magari matatu ya Cadillac, yaliyoundwa chini ya uangalizi wa Henry Leland, mtu aliyependa usahihi wa vipimo kupita kiasi, yalipopelekwa katika uwanja wa Brooklands huko Uingereza, yakafunguliwa vipande vipande, vipande vikachanganywa, baadhi vikaondolewa na kutiwa vingine kutoka ghalani, kisha mafundi wakayaunga upya, nayo yakaondoka yakaenda maili 500 bila ya kuharibika. Kwa jambo hilo kampuni ikatunukiwa tuzo ya Dewar. La pili ni la kiwanda cha Ford cha Highland Park, ambako utaratibu wa magari kuundwa yakiwa katika mwendo ulianza mwaka 1913: huko injini ya Model T, kabla haijaonja petroli hata tone, ilizungushwa kwanza kwa nguvu ya umeme ili beringi zake zikae. Kwa maneno mengine, Henry Ford aliichukua sehemu ya kazi ya dereva akairudisha kiwandani, kwa kuwa magari aliyoyauza yalikuwa mengi mno, na wengi wa walioyanunua walikuwa wakulima ambao hawakuwahi kumiliki mtambo wa namna ile. Pamoja na hayo, kijitabu alichokitoa pamoja na gari hakikuacha kumnasihi mwenye gari aliangalie zaidi katika siku zake za kwanza kuliko baadaye, na kumweleza kwamba gari linaloendeshwa taratibu likiwa jipya ndilo litoalo huduma njema mwishoni.

Sababu yenyewe ya kitaalamu ilikuwa imekwisha kufahamika wakati huo, japo na wachache. Mnamo mwaka 1883 Beauchamp Tower, aliyepewa kazi na chama cha wahandisi mitambo wa Uingereza, alikuwa akipima msuguano wa beringi za reli, akatoboa tundu juu ya beringi ili alipitishie oili, akashangaa kuona oili inapanda kwa nguvu na kufurika kupitia tundu lile. Akalitia kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Ndipo ilipodhihirika kwamba mhimili ukizunguka huivuta oili chini yake na kujitandikia utando wenye kanieneo, ukawa unaelea juu yake bila ya kugusa chuma. Na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaifafanua siri hiyo kwa hesabu. Basi utando huo ni mwembamba sana, na katika injini mpya matuta ya chuma huzidi unene wake, yakatokeza na kugongana, yakachemka na kukatika. Injini ikiendeshwa kwa kiasi, hukatika kidogo kidogo, na joto lake huchukuliwa na oili, lakini ikishurutishwa tangu saa ya kwanza, joto huzidi nafasi ya kukimbilia, chuma huyeyuka kwa chuma, na pistoni hunasa katika silinda. Mwanamke aliyenunua jiwe jipya la kusagia analijua jambo hili vizuri, kwani huanza kwa kusaga nafaka asiyokusudia kuipika, mpaka mchanga wa jiwe uishe. Hali kadhalika oili ya kwanza ya injini mpya ni ya kumwagwa, kwa kuwa imejaa chenga zilizokatika, na kuiacha ndani ni kuzirudisha chenga hizo kuzikwaruza beringi zilezile zilizotoka kulainika.

Kwa hiyo, gari lilipoanza kuwafikia watu wa kipato cha kati, hususan baada ya Austin Seven kutokea mwaka 1922, mafunzo haya yakatoka katika mikono ya madereva wa kuajiriwa, waliokuwa nusu madereva na nusu mafundi, yakalazimika kuandikwa kwa lugha ambayo karani au mwalimu wa shule angeielewa. Kijitabu cha gari cha miaka ile kilisema, kwa tofauti ndogo ndogo, kwamba kwa maili 500 za mwanzo, yaani kilomita 800 hivi, gari lisipite mwendo wa maili 30 kwa saa likiwa katika gea ya juu. Lisikanyagwe mafuta yote. Lisilazimishwe kupanda mlima kwa gea kubwa hata injini ikatetemeka. Lisipigwe risi likiwa baridi. Na baada ya hapo mwendo uongezwe hatua kwa hatua. Baadhi ya waundaji, hasa wa malori na wa pikipiki, hawakuridhika na nasaha, wakatia kizuizi katika njia ya hewa ya kabureta na kukipiga muhuri, ili injini isiweze kutoa nguvu zake zote mpaka fundi wa wakala akiondoe.

Biashara nayo haikukawia. Edward Acheson wa Marekani alikuwa amegundua namna ya kuisaga grafiti mpaka ikaelea katika oili bila ya kutuama, na dawa hiyo ikauzwa kwa wenye magari mapya waiongeze katika oili ili chuma kipate kitu laini cha kukaa juu yake wakati matuta yanapokatika. Kampuni ya Charles Wakefield, nayo, mnamo mwaka 1909 ilitoa oili iliyochanganywa mafuta ya mbarika, ikaiita Castrol kwa kulifuata jina la Kiingereza la mmea huo, castor. Na inafaa sisi tukumbuke kwamba mbarika ni mmea uotao kwetu hata kando ya njia, na kwamba mafuta yake, kwa jinsi yanavyong'ang'ania chuma katika joto kali, yalikuwa ndiyo yaliyotegemewa na ndege nyingi za vita vya kwanza.

Kisha kulikuwa na ile huduma ya kwanza, iliyotolewa bure na wakala gari lilipofikisha maili 500, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa na maana kubwa kuliko kikomo cha mwendo chenyewe. Oili ilimwagwa ingali moto ili chenga zitoke pamoja nayo. Nati za silinda hedi zilikazwa upya, kwa kuwa gasketi mpya hunywea inapopata joto, na hedi iliyolegea huunguza gasketi. Nafasi za valvu zilipimwa tena, kwa sababu valvu hujichimbia kidogo katika vikalio vyake. Boliti za springi na za bodi zikakazwa. Na fundi akasikiliza. Mwenye gari asiyelirudisha kwa huduma hiyo alikuwa sawa na asiyelizoeza kabisa.

Magari haya yalipoteremshwa katika bandari zetu, Kilindini, Dar es Salaam na Unguja, yalikuja na vijitabu vyake, lakini nchi yenyewe ilikuwa na sharti zake ambazo mwandishi wa kijitabu hakuzijua. Anayechukua gari jipya Mombasa kulipeleka Nairobi alikuwa na mwendo wa takriban maili 300, ambao ni zaidi ya nusu ya kipimo cha kuzoezea injini, ila njia ilianza usawa wa bahari ikapanda hata zaidi ya futi 5,000, ikipita katika nyika ya Taru yenye joto na vumbi jekundu, kwa barabara ambayo kwa miaka mingi haikuwa na lami. Mwendo wa maili 30 kwa saa haukuwa taabu kuushika, maana njia yenyewe haikuruhusu zaidi. Taabu ilikuwa mlima, mchanga, na hilo vumbi, ambalo ni adui mkubwa wa injini mpya kuliko mbio, kwa sababu chembe ya mchanga ikiingia kati ya ringi na silinda inakwangua pasipo kiasi. Hapo ndipo chujio la hewa lenye bakuli la oili lilipokuwa na thamani yake, na dereva aliyejua kazi alilifungua jioni, akaimwaga oili iliyogeuka tope, akatia nyingine.

Kwa malori jambo lilikuwa zito zaidi. Lori aghalabu lilifika chasisi tupu, likaundiwa bodi ya mbao na mafundi wa mjini, na tajiri aliyelinunua, awe mwenye duka la pamba wa Mwanza au mchukuzi wa korosho wa Lindi, alikuwa na deni la kulipa na mazao yanayongoja ghalani, hivyo kila siku ya kupakia nusu mzigo kwa ajili ya kuizoeza injini ilikuwa siku ya hasara machoni pake. Aliyesimama baina ya tajiri na injini alikuwa ni dereva. Wengi wa madereva wa miaka ya baada ya 1945 walifunzwa kazi jeshini, katika kikosi cha uchukuzi cha Afrika ya Mashariki, ambako gari halikuwa la mtu bali la serikali, na kila jambo lilikuwa na daftari lake. Wakarudi makwao na nidhamu hiyo, na wengi wao wakaishika kama amana. Kumwambia tajiri kwamba lori bado ni bichi, halijawa tayari kwa gunia mia, kulihitaji moyo; na heshima waliyokuwa nayo madereva wa zama zile katika miji yetu, heshima ambayo vijana wa leo huidhania ilitokana na kofia na mshahara tu, kwa kiasi kikubwa ilitokana na ujuzi wa namna hii, usioonekana na mtu ila baada ya miaka, pale lori la mmoja linapokuwa bado linapanda mlima wa Sekenke na la mwenziwe limekwisha kunoki.

Lakini inapasa nieleze hapa kosa moja lililoenea pamoja na desturi hii, ambalo limeharibu injini nyingi kwa nia njema. Watu walisikia neno la kwenda polepole wakalifanya ndilo shabaha yenyewe, wakaziendesha injini zao mpya kwa unyonge mno, au wakaziacha zikinguruma mahali pamoja kwa saa nzima wakidhani wanazipumzisha. Ukweli ni kwamba ringi haisukumwi kwenye ukuta wa silinda kwa unyumbufu wake peke yake. Nguvu iliyo kubwa zaidi ni ya gesi iliyowaka, ambayo hupenya nyuma ya ringi na kuikandamiza nje, na gesi hiyo haina nguvu ila injini inapobeba mzigo. Injini isiyobeba kitu, ringi zake hugusa ukuta kwa ulegevu, matuta hayakatiki bali hulazwa, oili iliyobaki ukutani huungua na kuacha ngozi nyororo yenye kung'aa, na tangu hapo ringi haina tena pa kushika: injini itakula oili na kutoa moshi wa samawati maisha yake yote, na hakuna dawa isipokuwa kuifungua na kuikwangua silinda upya. Wenye majenereta ya dizeli wanalifahamu jambo hili kwa uchungu, hasa katika miji yetu ambayo umeme hukatika, kwani jenereta kubwa likiachwa liwashe taa chache usiku kucha hudhurika kuliko likipewa kazi ya kutosha.

Mafundi wa ndege ndogo ndio waliolishika sawasawa tangu zamani. Injini ya ndege ya pistoni, ikiwa mpya au ikiwa imefanyiwa ukarabati mkubwa, hutiwa kwanza oili ya madini isiyo na dawa za kusafishia, kisha hurushwa kwa nguvu nyingi, wala haiachwi isimame uwanjani ikinguruma, na rubani huandika kiasi cha oili kinachotumika mpaka aone kimetulia mahali pamoja. Hapo ndipo hujulikana kwamba ringi zimekaa. Kwa injini ya gari maana yake ni kwamba mwendo bora wa kuizoeza ni ule unaobadilika: kukanyaga mafuta kwa uthabiti kutoka mwendo mdogo hadi wa kati, kisha kuliachia gari lishuke kwa gea, ili mvuto wa pistoni uinyonye oili kwenye ukuta na kuziosha chenga, halafu kukanyaga tena. Kilima cha wastani ni rafiki wa injini mpya. Barabara ndefu iliyonyooka, kwa mwendo mmoja usiobadilika tangu asubuhi hadi adhuhuri, si rafiki, hata mwendo huo ukiwa mdogo. Kwa hiyo dereva wa Mombasa aliyepanda kwenda Nairobi kwa gea iliyo sawa, akabadili mwendo kwa kadiri ya njia ilivyomlazimu, bila ya yeye mwenyewe kukusudia aliitendea injini yake hisani kubwa kuliko Mwingereza aliyetambaa katika barabara tambarare na karatasi yake ya adabu kiooni.

Karatasi zile zilianza kupungua katika miaka ya 1960, na baada ya miaka ya 1970 zikawa nadra, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimeirudisha kazi ile ndani. Beringi za kumimina na kukwangua zilikwisha kuondolewa na vigamba vyembamba vilivyotengenezwa tayari kwa kipimo, ambavyo huko Uingereza vilienezwa na Tony Vandervell tangu miaka ya 1930. Silinda zikawa zinapigwa msasa wa mawe yazungukayo, yakiacha mikwaruzo iliyopishana kwa pembe, ambayo huhifadhi oili na wakati huohuo huwa tupa ya kuilainisha ringi. Ringi ya juu ikapakwa kromu. Na oili zikatiwa dawa yenye zinki na fosforasi, ambayo chuma kinapogusana na chuma hujenga utando wa kukilinda. Baadaye mafundi wa viwandani wakajua hata kuzikata ncha za mikwaruzo ile kabla injini haijaunganishwa, wakafanya kwa dakika chache yale ambayo babu zao walimwachia mwenye gari kwa majuma.

Ila haikwisha kabisa. Fungua leo kijitabu cha gari jipya la Toyota utakuta bado linaombewa upole: kwa kilomita 300 za kwanza breki zisishikwe kwa ghafla, kwa kilomita 800 lisikokote kitu, na kwa kilomita 1,000 lisikimbizwe mno, lisikanyagwe mafuta kwa ghafla, wala lisiendeshwe kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Sharti hilo la mwisho, ambalo wasomaji wengi hulipita bila ya kuliuliza sababu, ni lile lile la ringi na gesi nililolieleza.

Hata hivyo wanunuzi wa magari mapya kabisa katika nchi zetu ni wachache. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, gari la mtu wa kawaida Tanzania, Kenya na Uganda ni lile lililotumika kwanza Japani, nalo hutufikia injini yake ikiwa imezoezwa zamani na mtu tusiyemjua, kwa uzuri au kwa ubaya. Mtu angedhani basi kwamba kwetu desturi hii imekufa kwa kukosa mahali pa kutumika, na mambo ni kinyume chake, kwa kuwa gari likitumika miaka ishirini hufika siku ya kushushwa injini; na penye kushushwa injini, kuchongwa silinda, kutiwa pistoni kubwa zaidi, ringi mpya na beringi mpya, na kranki kusagwa, hapo injini huzaliwa upya ikiwa na upya wa kweli kuliko ule wa kiwandani, maana imeunganishwa na mkono wa mtu. Gerezani katika Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga katika Nairobi, na Katwe katika Kampala, kazi hii hufanywa kila siku ya Mungu, na mpaka ule baina ya fundi na mwenye chombo umesimama papo hapo ulipokuwa zama za Babbitt.

Fundi wa huko, akisha kufunga hedi na kuiwasha injini kwa mara ya kwanza, huitazama saa ya oili kabla ya kutazama kitu kingine; haiachi, huisimamia yeye mwenyewe akisikiliza valvu, akigusa bomba la rejeta kuona kama joto linapanda sawa, na injini ikiwa ya zile ambazo kemshafti yake husukuma tapeti bapa, huishika katika risi ya wastani kwa kama dakika ishirini bila ya kuiacha ishuke, kwa kuwa kemshafti ya namna hiyo hupata oili yake kwa kurushiwa na kranki, na injini inayonguruma polepole hairushi ya kutosha. Kisha humkabidhi mwenyewe kwa masharti: usibebe mzigo mzito, usilale na mwendo mmoja, usikimbize, tazama oili kila asubuhi, na ukifika kilomita 500 rudi. Gari linaporudi huimwaga oili katika karai safi, hupitisha sumaku ndani yake, huzigeuza chenga juani kwa kidole: za kijivu na laini kama unga ni za ringi na silinda, nazo ni halali yake, zikiwa na rangi ya shaba au zikawa ngumu zenye kumeta, hutia jeki, huifungua sampu siku ileile, na mwenye gari hupanda daladala kurudi nyumbani.